Mtoto Mmoja Anapohamishwa, Waliobaki ni wa Nani?

Katika likizo yangu iliyopita nilirudi nyumbani Morogoro kutoka katika chuo cha dini nje ya nchi ambako ninafundisha. Nilipokwisha kupumzika nikapanda milima ya Uluguru, upande ule wa mashariki unaostawisha ndizi, mdalasini na pilipili manga, ili niwaone jamaa zangu. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mama mmoja mjane, amefuatana na kaka yake. Baada ya salamu akasema: "Sheikh, nina swali, lakini si la sala wala la saumu."

Swali lake lilikuwa hili. Binti yake yuko darasa la tano katika shule ya msingi ya kijiji, shule yenye madarasa saba na walimu wasiofikia idadi hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambaye mkewe ni mzaliwa wa kijiji kile, amejitolea kumlipia mtoto huyo ada katika shule ya binafsi ya bweni, mpaka amalize. Mama alifurahi, akaenda kumpa habari mwalimu wa darasa. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, siwezi kukuzuia. Lakini huyu ndiye anayenishikia darasa la kwanza ninapokuwa na darasa la saba. Mkimwondoa, mjue mmetuondolea taa."

Neno hilo lilimchoma. "Sheikh," akaniuliza, "nikimpeleka, nitakuwa nimewadhulumu watoto wa wenzangu? Nikimwacha, nitakuwa nimemdhulumu mwanangu?"

Kaka yake hakuwa na shaka. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno katika mambo yake. Akasema kwa ufupi: "Ukoo ukipata mtu mmoja aliyesoma, umepata wote."

Nami nilijibu upesi, kama tunavyojibu sisi tuliozoea kuulizwa. Nikasema: "Mpeleke mtoto, mama, hapana dhambi." Akashukuru, akaenda zake. Lakini nilipokuwa nikishuka mlima kesho yake, jibu langu lilinisumbua. Sikuliona kuwa ni la uongo, bali niliona kuwa ni nusu ya jibu. Makala hii ni jaribio la kumpa mama yule nusu iliyobaki, na kujipa mimi mwenyewe, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

SWALI HILI SI LA ULUGURU PEKE YAKE

Yafaa tujue kwamba swali la mjane huyu limewashughulisha wanasheria na watawala wa mataifa makubwa. Katika mwaka 1955 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba serikali yaweza kugharamia elimu bila ya yenyewe kuendesha shule: impe mzazi hati ya fedha, naye achague shule aitakayo. Wazo hilo lilikaa miaka mingi kabla ya kuwa sheria katika miji ya nchi hiyo. Mwaka 1990 watoto wa familia maskini katika mji wa Milwaukee walianza kulipiwa ada katika shule za binafsi. Mwaka 1999 jimbo la Florida liliweka sheria kwamba shule ya serikali ikipata alama ya chini kabisa mara mbili katika miaka minne, wanafunzi wake wapewe ufadhili wa kwenda katika shule nyingine, hata ya binafsi. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliruhusu mwaka 2002 mpango wa namna hiyo wa mji wa Cleveland, ingawa watoto wengi walikuwa wakienda katika shule za dini. Lakini mwaka 2006 mahakama ya juu ya Florida yenyewe ilikataa sehemu ya sheria ya jimbo lake iliyowapeleka watoto katika shule za binafsi, ikasema kwamba katiba ya jimbo inadai mfumo mmoja wa shule za umma ulio sawa kwa wote.

Nchi ya Chile ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1981 fedha za serikali zilimfuata mwanafunzi popote alipokwenda, na shule nyingi za binafsi zikazaliwa. Ikaonekana baada ya miaka kwamba waliohama kwa wingi ni watoto wa wenye uwezo, na shule za umma zikabaki na watoto wa maskini zaidi. Shule zilizopokea fedha za serikali ziliweza pia kuchagua wanafunzi na kudai nyongeza ya ada. Ndiyo maana mwaka 2015 Chile ilitunga sheria nyingine ya kuondoa hatua kwa hatua mambo hayo, pamoja na faida ya kibiashara, katika shule zinazolipwa na serikali.

Mimi si mwanasheria, wala sikuandika haya ili nihukumu kati ya Wamarekani na Wachile. Ninachotaka uone ni kwamba katika kila nchi pande mbili zinasema maneno yale yale aliyoyasema mama mmoja juu ya mlima. Upande mmoja unasema: mtoto aliye katika shule dhaifu leo hawezi kungojea mpaka shule itengenezwe, utoto wake utakuwa umekwisha. Upande wa pili unasema: mkiwaondoa wenye vichwa vyepesi na wenye wazazi wanaofuatilia, mmewaondoa watu wale wale ambao wangeitengeneza shule. Ni dhahiri kwamba wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ulipo ugumu.

SISI TULIJIBUJE?

Huenda msomaji akadhani kwamba Tanzania haijawahi kulijibu swali hili. Imelijibu, tena zaidi ya mara moja.

Wakati wa uhuru sehemu kubwa ya shule nzuri zilikuwa za misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko, wakihofia watabadilishwa dini, na matokeo yake watoto wa Kiislamu wakawa wachache mno katika sekondari. Mikoa nayo haikuwa sawa: kulikokuwa na kahawa na misheni kulikuwa na shule, na kwingineko palikuwa patupu. Serikali ikatunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa mali ya taifa. Baadaye nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mafungu ya mikoa na wilaya, ili mtoto wa mahali palipokuwa nyuma asishindanishwe na yule aliyetangulia. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mamia ya maelfu ya watoto wakaingia madarasani kwa mara ya kwanza.

Hapana shaka hiyo ilikuwa kazi ya haki. Lakini ikumbukwe kwamba walimu wengi wa mpango ule walikuwa vijana waliotoka darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifanya kazi. Na nafasi za sekondari zilibaki chache hata mtoto aliyefaulu vizuri alirudi nyumbani kushika jembe. Wazazi wakafanya nini? Wakajenga shule zao. Jumuiya ya Wazazi ya chama, madhehebu ya dini, na wananchi wa mikoa kama Kilimanjaro na Kagera walifungua sekondari nyingi katika miaka ya 1980. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikathibitisha kwamba mlango wa shule za binafsi umefunguliwa. Leo kila mwenye uwezo wa kulipa anachagua. Asiye na uwezo anachaguliwa.

Serikali nayo haikulala. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zikaenea nchi nzima, na kuanzia Januari 2016 elimu ya umma ikawa bila ada mpaka kidato cha nne, kisha katika mwaka wa masomo 2022/23 mpaka kidato cha sita. Watoto waliojitokeza darasa la kwanza mwaka ule wa 2016 walikuwa wengi kupita vyumba na madawati. Fedha za uendeshaji zilizopangwa wakati huo zilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Piga hesabu mwenyewe ni kalamu na daftari ngapi.

Basi historia yetu inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kumzuia mtu asiondoke hakuifanyi shule kuwa nzuri. La pili, kumruhusu mtu aondoke hakumsaidii aliyebaki. Usawa bila ubora ulitukimbiza tukajenga shule zetu. Na shule zetu zilipokwisha kujengwa, tulimsahau yule ambaye usawa ule ulikusudiwa kumsaidia.

MALANGO MAWILI CHINI YA MLIMA

Mkazi wa Morogoro hana haja ya kwenda mbali ili aone jambo hili. Ipo shule ya wasichana ya Kilakala chini ya Uluguru, na ipo shule ya wavulana ya Mzumbe upande wa magharibi mwa mji. Zote mbili ni shule za serikali za vipaji maalumu, na wanaoingia ni wale waliofanya vizuri sana katika mtihani wa darasa la saba kutoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo hata serikali yenyewe, ambayo wengine wanafikiri inapinga kuchagua, inachagua: inamtoa mtoto hodari katika shule dhaifu na kumpeleka kwenye shule yenye nguvu kwa fedha za umma. Ufadhili wa Samia nao, ulioanza mwaka 2022/23, unawalipia chuo kikuu vijana waliofaulu kupita wenzao katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita.

Silaumu. Taifa lahitaji madaktari na wahandisi. Lakini tazama, mtihani unampima mtoto aliyekuwa na mwalimu wa hesabu na yule ambaye hakuwa naye kwa karatasi moja. Mtoto wa kitongoji cha juu, ambaye mvua za masika zikizidi njia yake huwa utelezi mtupu, huweza kupita miaka yote karibu na lango la Kilakala akienda sokoni na mama yake kuuza ndizi, asiingie kamwe. Ufadhili unaofuata kipaji kilichokwisha kuonekana humkuta zaidi yule ambaye tayari alipata mtu wa kukionyesha.

Na kuhusu Kilakala kuna jambo jingine la kututia adabu. Kabla ya kutaifishwa ilikuwa shule ya masista wa Kikatoliki na ilijulikana kwa jina la Marian College. Zamani nilikuwa nikisikia habari ya utaifishaji kama Mwislamu anayesikia habari njema tu. Kisha nikajifunza kwamba mwaka 1972 serikali ya Pakistan nayo ilitaifisha shule na vyuo vya binafsi, pamoja na vile ambavyo Jumuiya yetu ilivijenga Rabwah kwa michango ya watu maskini. Hapo ndipo nilipoonja uchungu wa masista wale. Haki iliyofanywa kwa mtoto mmoja iligharimiwa na mkono wa mtu mwingine, naye anastahili walau kutajwa kwa heshima.

HAKI YA MTOTO NA HAKI YA JIRANI

Sasa tulipime swali lenyewe kwa mizani ya dini na akili.

Kwanza, mtoto ni amana aliyopewa mzazi na Mwenyezi Mungu. Mzazi ataulizwa habari ya mtoto huyu, kwa jina lake, wala hataulizwa habari ya wastani wa mkoa. Kwa hiyo si halali kumfanya mtoto kuwa nguzo ya kushikilia nyumba inayobomoka. Binti wa darasa la tano anayefundisha darasa la kwanza anafanya jambo jema, lakini anafanya kazi ya mtu mzima ambaye hayupo. Kumwambia abaki kwa sababu shule inamhitaji ni kumtoza mtoto deni la watu wazima. Kwa sababu hiyo nasema kwamba jibu langu la kwanza kwa mama yule lilikuwa sahihi, na silirudishi.

Pili, mtoto wa jirani naye ni amana. Mafundisho juu ya jirani katika Uislamu ni mazito mno, hata Mtume Muhammad (s.a.w.) alieleza kwamba si muumini kamili yule anayeshiba huku jirani yake wa ubavuni ana njaa. Je, njaa ni ya tumbo tu? Mtoto anayemaliza darasa la saba asiweze kusoma barua ya mama yake ana njaa, na mlango wake uko kando ya mlango wetu.

Mambo haya mawili hayapigani. Yanapigana pale tu tunapodhani kwamba kumhamisha mtoto ni kuhama sisi. Hapo ndipo kosa lilipo, na sasa nitalisema kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2016, kabla ya kupelekwa kazini nje ya nchi, nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi ambayo mwanangu alikuwa akisoma. Darasa lake lilifurika watoto, wengine wakakaa sakafuni. Nikamhamishia shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, kwa msaada wa ndugu. Sijutii. Lakini mwezi uliofuata kamati ilikutana nami sikwenda. Wala mkutano wa pili sikwenda. Hakuna aliyenifukuza, wala sikuandika barua ya kujiuzulu, nilinyamaza tu. Katika wajumbe wale mimi nilikuwa mmoja wa wachache walioweza kusoma hesabu za fedha na kuuliza swali kwa ofisa wa elimu bila kutetemeka. Shule ile ilipoteza mtoto mmoja, na jambo hilo halikuwa kubwa. Ilipompoteza mtu mzima aliyejua kuuliza, hasara ilikuwa kubwa kwelikweli, na hakuna sheria wala ada iliyonidai niondoke. Nilijiondoa mwenyewe.

MATEKA WA BADR NA FEDHA ZA WAKULIMA

Katika historia ya Kiislamu kuna tukio ambalo wengi hulijua bila kulitafakari. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, Waislamu waliwashika mateka miongoni mwa watu wa Makka. Wenye mali walijikomboa kwa fedha. Wale wasiokuwa na mali lakini waliojua kuandika walipewa kujikomboa kwa kazi: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika. Madina wakati huo ilikuwa maskini na ilihitaji fedha. Mtume (s.a.w.) aliyahesabu mafundisho ya watoto kuwa sawa na fedha, wala hakuona aibu mwalimu kuwa mtu wa imani nyingine. Lakini angalia na hili: hatusikii kwamba mtoto mmoja hodari alichaguliwa akapelekwa kwa mwalimu aliye bora. Mwalimu aliletwa kwa watoto, na kumi wakapata kwa fidia ya mtu mmoja.

Tukio la pili ni la zama zetu. Dr. Abdus Salam, Mwahmadiyya wa Pakistan aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alikulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Kama alivyopenda kusimulia, safari yake ya kwenda Cambridge mwaka 1946 ilitokana na fedha zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya vita. Vita vilikwisha, fedha zikabaki, na serikali ya jimbo ikazifanya kuwa ufadhili wa watoto wa wakulima wadogo. Waliochaguliwa walikuwa watano. Yeye alipata nafasi ya kuondoka mwaka ule ule. Wenzake wakaambiwa wangoje mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata, 1947, India ikagawanyika, na ufadhili ule ukatoweka.

Ndugu Msomaji, wenzake wanne hawakupoteza nafasi kwa uvivu wala kwa kukosa akili. Walipoteza kwa tarehe. Salam hakulisahau jambo hilo. Alirudi kwao mwaka 1951 akafundisha Lahore, akajiona yuko peke yake mbali na wanasayansi wenzake, na mwaka 1954 akalazimika kurudi Cambridge. Akaona kwamba si haki mwanasayansi wa nchi maskini alazimike kuchagua kati ya elimu yake na nchi yake. Mwaka 1964 akaanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ambako wasomi wa nchi zinazoendelea huja kwa majuma au miezi, wakajinoa, kisha wakarudi kufundisha kwao. Aliyetolewa alijenga ngazi, akaiacha ikisimama ili wengine wapande. Hiyo ndiyo nusu ya jibu niliyoisahau.

MASWALI YA WANAOPINGA

Huenda mtu akasema: "Kutengeneza shule ni kazi ya serikali, sisi tunalipa kodi." Ni kweli, na serikali idaiwe. Lakini nani atakayedai? Mzazi maskini ambaye hajui bajeti imesomwaje, au wewe ambaye mtoto wako hayuko tena pale na kwa hiyo huna habari kama choo cha shule kimeanguka? Shule ikibaki na wasio na sauti tu, hata serikali iliyo njema haitasikia kitu.

Mwingine atasema: "Mimi ninamlipia mtoto mmoja wa maskini, je, hiyo haitoshi?" Mwenyezi Mungu akulipe. Wala sisemi uache. Nasema tu kwamba sadaka inayomwona mtoto mmoja huweza kutufanya tusione wengine arobaini waliokuwa wamekaa kando yake.

Na mwingine, huenda akawa ndugu anayechunguza dini, atauliza kwa haki kabisa: "Je, ninyi watu wa dini hamwalipii watoto ada ili muwavute kwenu?" Jibu langu ni kwamba mtu yeyote, awe Mwislamu au Mkristo, anayemlipia mtoto ada kwa sharti la imani, ameiuza dini na ameinunua dhamiri ya mtoto. Imani inayokuja pamoja na risiti ya ada itaondoka ada ikikoma. Wazee wetu waliwaficha watoto wao kwa hofu hiyo, na kizazi kizima kikakosa shule. Tusiwe sisi wa kuirudisha hofu hiyo upya.

YATUPASAYO

Kwa kuwa makala isiyo na tendo ni kama mawingu yasiyo na mvua, naleta mapendekezo manne.

Kwanza, unayemhamisha mtoto, usihame wewe. Baki katika mikutano ya shule ya kijiji au ya mtaa wako. Uliza habari za fedha za uendeshaji, uji wa mchana na idadi ya walimu kama ulivyokuwa ukiuliza mwanao alipokuwa pale.

Pili, unayemfadhili mtoto mmoja, ikumbuke na shule aliyotoka. Ada ya mtoto mmoja wa bweni huweza kuwa mamilioni ya shilingi. Sehemu ndogo tu ya fedha kama hizo ingenunua vitabu vya kusomea vya darasa zima. Ukishindwa yote mawili, fikiri upya ni lipi lenye watu wengi zaidi ndani yake.

Tatu, katika kuchagua wa kufadhiliwa, usiangalie alama za mtihani pekee. Uliza pia ni nani asiye na mtu mwingine wa kumsaidia: yatima, mlemavu, binti anayetembea njia ndefu porini. Mwenye alama za juu huonwa na wengi. Mwenye haja kubwa huenda akaonwa na wewe peke yako.

Nne, mtoto aliyetolewa afundishwe tangu mapema kwamba ana deni, lakini deni la heshima, si la utumwa. Asiambiwe kwamba yeye ni bora kuliko wenziwe. Aambiwe kwamba alitangulia kuitwa.

NUSU ILIYOBAKI

Kabla ya kuondoka Morogoro nilimpelekea mama yule salamu kwa mjomba wa mtoto, na maneno mengine. Nilimwambia: mpeleke binti yako wala usimwache kwa haya, lakini wewe usiondoke. Una mtoto mdogo bado katika shule ile. Ingia katika kamati, na siku mwalimu atakapokuwa peke yake, wewe na akina mama wenzako nendeni mkaulize kwa nini yuko peke yake. Mjomba alinisikiliza, kisha akacheka: "Sheikh, umempa kazi kubwa kuliko ya ada." Nilimjibu kwamba ni kweli, na kwamba kazi hiyo niliikimbia mimi. Nami nimemwandikia mwenyekiti wa kamati yangu ya zamani, baada ya ukimya wa miaka mingi, kumwuliza shule inahitaji nini. Sijui atanijibu kwa maneno gani, na akinilaumu atakuwa na haki.

Kutoka Uluguru hutiririka vijito vinavyoujaza mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wengi wa Dar es Salaam na Pwani. Mtu wa mjini afunguapo bomba hauoni mlima. Lakini akichota miaka yote bila ya kuutunza msitu wa juu, siku moja bomba litakauka, naye atashangaa. Watoto wetu hodari nao ni maji ya mlima. Waacheni washuke, kwani maji yaliyozuiwa huoza. Lakini anayekunywa na akumbuke chemchemi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwaona watoto wa jirani zetu kama tunavyowaona wetu, atusamehe ukimya wetu, na awape nguvu walimu wanaobaki peke yao madarasani. Amin.